Pazia Jeusi la Nyumba Ndogo

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za pazia. Si lile pazia la hekalu mlisikialo kila Ijumaa Kuu, bali pazia la dirishani, jeusi, la kitambaa cha bei nafuu, ambalo wazee wa pwani hii walilitundika miaka zaidi ya themanini iliyopita ili mwanga wa taa usitoke nje. Na pazia tutakalolisema zaidi ni dogo kuliko yote, maana upana wake haufiki hata inchi tano. Ni pazia la nyumba ya wanasesere.

Yamkini wengi mnaotusikiliza hamjapata kuishi chini ya amri ya giza, basi tuanze hapo. Katika Uingereza amri hiyo ilitolewa tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla nchi ile haijatangaza vita na Ujerumani. Kila dirisha lilipaswa kuzibwa tangu jua linapokuchwa, kwa kitambaa cheusi, kwa karatasi nene, ama kwa rangi. Taa za barabarani zikazimwa, za magari zikafunikwa hata zikabakia na tundu dogo tu. Wasimamizi wa mitaa wakawa wakizunguka, na mwenye nyumba aliyeacha ufa wa mwanga akagongewa mlango, pengine akatozwa faini. Giza lenyewe likaua watu. Katika miezi ile ya mwanzo, kabla mabomu hayajaanza kuanguka London, watu wengi waligongwa na magari kwa sababu dereva hakumwona mpita njia wala mpita njia hakuiona gari. Ikabidi kingo za barabara na mashina ya miti yapakwe rangi nyeupe. Amri ile ililegezwa tarehe 17 Septemba 1944, baada ya miaka mitano na siku kadhaa. Mtoto aliyezaliwa wakati ilipoanza alikuwa sasa ni wa kwenda shule, na hajapata kuona taa ya mtaani ikiwaka.

Hapa kwetu je? Wako wanaodhani kwamba vita vile vilikuwa vya watu wa mbali, na Mombasa ilisikia habari zake kwa redio tu. Sivyo. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na wakati huo Waitalia walikuwa wameishika Uhabeshi na Somalia, yaani walikuwa jirani zetu wa mpakani. Mwaka ule ule ndege zao zilitupa mabomu Malindi, mji ambao leo mtu apanda matatu asubuhi na kurudi jioni. Kisha ukaja mwaka wa 1942. Singapore ikaanguka mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari. Mwezi wa Aprili manowari zao zenye kubeba ndege zikaipiga miji ya Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho sasa Sri Lanka, na ile meli kubwa ya Kiingereza iliyoitwa Hermes ikazamishwa. Manowari za Kiingereza zikarudi nyuma, na kituo chao kikawa Kilindini. Hata mabingwa wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani wakahamishiwa hapa, wakafanya kazi yao katika jengo la shule ya Allidina Visram. Wanafunzi wanaopita pale leo na vitabu vyao, sijui ni wangapi waliopata kuambiwa.

Wajapani nao walikuja kutazama. Mwezi wa Mei 1942 ndege ndogo iliyobebwa na nyambizi ilipita juu ya Unguja na Dar es Salaam. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo, zenye watu wawili wawili tu, ziliingia katika ghuba ya Diego Suarez kule Madagaska, zikaijeruhi manowari kubwa na kuizamisha meli ya mafuta. Majuma yaliyofuata meli nyingi za mizigo zilizama katika mlango wa bahari wa Msumbiji.

Sasa fahamuni jambo moja ambalo sisi wenyewe hatukulijua mpaka tulipoelezwa na baharia mmoja mstaafu. Twadhani taa hufichwa kwa ajili ya ndege tu. Lakini nyambizi nayo huitaka taa ya mjini. Huja juu usiku, ikakaa mbali baharini, ikatazama upande wa pwani. Meli isiyo na taa hata moja, ipitapo kati yake na mji unaowaka, yaonekana nyeusi kama mkono uliopita mbele ya kandili. Hivyo ndivyo zilivyozamishwa meli nyingi za Marekani mapema mwaka ule ule wa 1942, kwa mwanga wa miji yao wenyewe iliyochelewa kuzima taa. Kwa hiyo mama wa Likoni aliyeacha koroboi dirishani hakujihatarisha yeye peke yake. Alimhatarisha baharia asiyemjua, ambaye wala hatamjua.

Bara hii yetu ya Mombasa si ngeni kwa maonyo. Kule Kisauni, panapoitwa Kengeleni, iko bado kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, nayo ilipigwa ili watu wajue kwamba wakamata watumwa waja. Onyo la kengele husikika. Onyo la giza ni kazi ya kila mtu nyumbani mwake, na ukilifanya vema hakuna anayeliona.

Tulikuwa na mawazo haya wakati tulipojitayarisha hapa Mikindani kwa Jumapili ya ukumbusho wa waliokufa vitani, ile ya mwezi wa Novemba. Walimu wa shule ya Jumapili walitaka kitu cha kuwaonyesha watoto. Mmoja wao alikuwa amesoma habari za nyumba ya wanasesere iliyomo katika jumba la makumbusho la watoto huko Bethnal Green, London. Aliyeitengeneza ni mama aitwaye Roma Hopkinson, naye aliiweka katika miaka ya vita: vyombo vya chakula cha mgao, vifaa vya kujikinga na gesi ya sumu, madirisha tayari kwa usiku wa mabomu, na kila kitu ni kidogo kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Jambo hilo likatupendeza. Tukasema, kwa nini na sisi tusitengeneze nyumba, lakini iwe ya kwetu, ya Changamwe ama Jomvu ya mwaka wa 1942?

Fundi seremala wa ushirika akatupa vipande vya mbao nyembamba alivyobakiza. Ikasimama nyumba ya vyumba vinne na ukumbi katikati, kama nyumba zetu za Kiswahili zilivyo, paa la makuti ya kweli yaliyokatwa vidogo vidogo, na madirisha sita. Kipimo chake kilikuwa inchi moja kwa futi moja. Watoto wakatengeneza kitanda cha kamba na mbuzi ya kukunia nazi. Akina mama wa Umoja wa Akina Mama wakapewa mapazia.

Wengi walifikiri ni kazi ya nusu saa. Ikachukua Jumamosi tatu! Kitambaa hakipungui kwa sababu nyumba imepungua. Uzi wa kaniki ni ule ule, unene wake ni ule ule, na ukikata kipande cha inchi tano ukakitundika, hakianguki kama pazia, husimama wima kama ubao. Mwanasesere mrefu wa inchi tano na nusu akiwekwa kando yake aonekana kama amesimama karibu na mlango wa stoo. Kwanza ikabidi kaniki ifuliwe mara mbili ili dondo lote litoke. Kisha ikalowanishwa, ikakunjwa marinda membamba, ikabanwa kwa pini juu ya mto, ikaachwa ikauke usiku mzima. Pindo nalo halikuwezekana, maana pindo la kawaida katika kitambaa kidogo namna ile laonekana kama bomba. Wakapaka ukingoni gundi iliyochanganywa na maji, kidogo tu, ili nyuzi zisitoke. Fito za kuning'inizia zilikuwa vijiti vya mshikaki, na pete zake shanga. Na pazia halikukatwa sawa na dirisha. Lilizidi kila upande, kwa sababu mwanga haupiti katikati ya pazia, hupita kandokando.

Jumamosi ya pili alikuja bibi mmoja wa hapa hapa mtaani, mwenye miaka zaidi ya tisini. Wakati wa vita alikuwa mtoto wa Changamwe, na baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Watoto wakampa shikamoo, akaitikia, akavaa miwani, akaitazama nyumba kwa kitambo. Akasema, "Padre, mmekosea. Mmeweka pazia zuri mno. Mama yangu alikuwa na kaniki moja. Mchana akiivaa shambani, usiku ikiwa pazia. Asubuhi twangoja aishushe ndipo aende kazini."

Watoto wakacheka sana. Yeye hakucheka. Akatueleza habari za joto. Wakati wa kaskazi, dirisha limezibwa, mlango umefungwa, kandili lawaka ndani, na watu saba katika chumba kimoja, ilikuwa afadhali kuizima taa na kuketi barazani gizani. Na nyumba ya makuti haizibiki kwa pazia peke yake, kwa maana mwanga hutokea juu, pale ukuta unapokutana na paa. Basi mama yake aliifunika taa kwa debe lililokatwa upande mmoja, na upande ule wa wazi ukaelekea chini. Na kwa ndani, mbele ya kaniki, alining'iniza kipande cha leso kuukuu yenye maua. Alisema pazia jeusi likitazamwa na watoto kila usiku laigeuza nyumba kuwa kaburi.

Jambo hilo la leso tulilifuata. Kila dirisha likapata pazia la pili kwa ndani, la leso. Lilitusaidia kwa jingine pia. Tulipotia tochi ndani ya nyumba na kuzima taa za ukumbi wa kanisa ili tujaribu kazi yetu, kila tundu la sindano katika kaniki lilitoa nuru. Watoto wakapiga kelele wakisema ni nyota. Zilipendeza kweli. Lakini kwa mtu anayetazama kutoka baharini nyota za namna ile ni hatari, na bibi akaagiza ziondolewe. Leso ikazizima.

Hapo ndipo kijana mmoja wa darasa la sita, msomaji mzuri wa Biblia, alipotuuliza swali mbele ya watu wote. Alisema, "Padre, si Yesu alikataza kuifunika taa?" Alikuwa akiikumbuka sura ya tano ya Injili ya Mathayo, habari za taa iliyowekwa chini ya pishi.

Wasikilizaji, swali hilo si la kitoto. Katika sura ile Bwana wetu asema habari mbili kwa pamoja: mji ulio juu ya mlima hausitiriki, na taa huwekwa juu ya kinara iwaangazie wote walio nyumbani. Sasa hapa ulikuwa mji uliositirishwa kwa amri, na wakristo wakatii, na makanisa yao nayo yakawa gizani. Je, walifanya dhambi? Tulimwonyesha kijana yule neno ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelipita mara nyingi, kwamba taa ile ya Injili kazi yake ni kwa walio ndani ya nyumba. Pishi huinyima nuru nyumba yenyewe. Pazia halifanyi hivyo. Nyuma ya kaniki mtoto aliendelea kusoma, mama aliendelea kuchambua mchele, mgonjwa aliendelea kuuona uso wa anayemuuguza. Aliyenyimwa nuru ni yule mwenye kuitafuta apate kuua. Kijana akafikiri, akasema, "Basi pishi na pazia si kitu kimoja." Tukamwambia ndivyo. Akauliza tena, "Na pazia liliwaokoa?"

Hapo tulipaswa kusema kweli. Kilindini haikushambuliwa. Lakini mapema Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka humo ikielekea Colombo, imejaa askari, wakiwamo wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Majina ya wengi wa askari wetu yameandikwa katika ukumbusho ulio kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, katika barabara ya Ngong, kwa maana hawana kaburi jingine. Mama wa Changamwe aliyezima taa yake usiku ule hakuwaokoa hao. Alifanya sehemu iliyokuwa katika uwezo wake. Kijana aliridhika au hakuridhika, hatujui, ila alirudi kushika gundi.

Lakini Jumamosi ya tatu likatokea jambo ambalo ndilo hasa limetufanya tuyalete haya kwenu. Miongoni mwa washonaji alikuwamo mama wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa akishona vema kuliko wote. Alipofika dirisha la tano aliweka sindano chini akasema, "Padre, mimi pazia hili nalijua."

Akatusimulia. Alizaliwa Likoni, wazazi wake ni watu wa bara. Mwezi wa Agosti 1997, usiku wa tarehe 13, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na askari wakauawa, na nyumba na vibanda vikaanza kuchomwa, yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mama yake alizima taa, akatundika blanketi dirishani, akawaweka watoto chini ya kitanda. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na nyambizi. Waliokuwa wakipita nje walikuwa watu, na mmoja wao alikuwa akiita majina ya wenye nyumba, kwa kuwa aliyajua. Asubuhi walikimbilia kanisa la Katoliki la Likoni, pamoja na maelfu wengine waliojaa uwanja ule.

Kisha akatuuliza, nasi twawauliza ninyi: tunapompa mtoto nyumba ya kuchezea, ya nini kumtilia hofu dirishani? Mchezo wa kibaba na kimama ni wa kupika na kulala. Watoto wetu wanayo hofu ya kuwatosha.

Akina mama wakagawanyika. Wengine walisema aondolewe kazi ile asiumie zaidi, na nyumba ibaki kama ilivyo. Wengine walisema mapazia yote yatolewe. Bibi yule mzee ndiye aliyenena na wengi wakanyamaza. Hakumwambia asahau. Alimwita mwanangu, akamwuliza, "Usiku ule, jirani zenu wa kulia walizima taa?" Akajibu, "Hawakuzima. Wao hawakuwa wakitafutwa." Bibi akasema, "Sisi tulizima sote. Mwarabu, Mhindi, Mgiriama, Mkamba, mzungu wa bandari, wote gizani. Ukiacha ufa, jirani aja kukwambia. Giza letu lilikuwa la mtaa mzima. Lenu mliachiwa peke yenu."

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo tofauti, nayo ni kubwa kuliko tofauti ya vita na vita. Mwaka 1942 mtu alizima taa yake kwa ajili ya maisha ya jirani. Mwaka 1997 mtu alizima taa kwa kumwogopa jirani, na nyumba ya pili ikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna neno. Tungependa kusema kwamba yule mwenye taa inayowaka hakujua. Lakini wengine walijua, nao ni washarika wetu, na pengine wanatusikiliza asubuhi hii. Hatusemi hivyo kuwaaibisha. Twasema kwa sababu uchaguzi huja na kupita kila baada ya miaka mitano, na karatasi za vitisho hutupwa vichochoroni, na kuna nyumba ambayo usiku huo itazima taa peke yake. Jirani aweza kubisha hodi. Aweza kusema, njooni kwangu, ama sisi twaja kwenu. Wako waliofanya hivyo mwaka ule wa 1997, Waislamu waliowaficha Wakristo vyumbani mwao.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya pili, yumo mwanamke aitwaye Rahabu, ambaye nyumba yake ilikuwa ukutani mwa mji. Aliwaficha wageni chini ya mabua ya kitani, kisha akafunga kamba nyekundu dirishani. Tuliisoma sura hiyo Jumamosi ile kabla ya kutawanyika, kwa sababu ilikuwa zamu yake katika kalenda ya masomo, si kwa kuichagua. Mama yule wa Likoni alisikiliza. Akamaliza dirisha la tano. La sita hakulitia pazia. Alichukua uzi mwekundu katika kikapu cha bibi akaufunga kwenye fremu, kwa nje, na wala hakueleza.

Nyumba hiyo itakuwa mezani penye mlango wa kanisa hapa Mikindani Jumapili ya ukumbusho, na tochi ndani. Watoto wataruhusiwa kuyafungua mapazia na kuyafunga. Bibi ameahidi kuketi karibu nayo, afya ikimruhusu, na walio na maswali juu ya miaka ile wamwulize yeye, maana wa rika lake waliobaki mtaani ni wachache mno. Kwaherini kwa leo, mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.